Bi Jobo na daftari lake: kufuatilia vimbunga ukiwa Kilwa

Nauza barafu Kilwa Masoko, hatua chache kutoka pale boti zinapopandishwa. Biashara yangu ni friza tatu na wateja wangu ni wavuvi: nahodha asipotoka, siuzi. Ndiyo maana nilianza kuulizia habari za bahari kabla hata sijaelewa kimbunga ni kitu gani, na ndiyo maana nina jina la utani ambalo nililichukia kwa miaka mitatu.

Aprili 2021 kimbunga Jobo kilikuwa kinakuja upande wetu. Nilisikia taarifa moja jioni, nikatangaza pwani nzima kwamba kesho kutwa kinatupiga. Sikugandisha barafu siku mbili, boti zikavutwa juu, watu wakalala njaa. Jobo akanywea huko huko baharini. Hewa kavu ilimwingia, na mabaki yake yakafika mwambao wa Dar es Salaam yakiwa mawingu ya mvua. Kesho yake vijana walipita kibandani kwangu wamejipanga kama wanafunzi: "Shikamoo, Bi Jobo!" Jina likaganda kuliko barafu yenyewe.

Kosa langu nililiona baadaye. Nilichukua taarifa moja nikaishika kama hirizi, wala sikuangalia iliyofuata, wala iliyoifuata hiyo. Tangu hapo nina daftari la kaunta, penseli, rula, na ramani niliyoichora mwenyewe nyuma ya kalenda ya zamani. Simu inasaidia, ila kazi yenyewe iko kwenye daftari.

Kalenda kwanza

Msimu wa vimbunga wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili. Januari na Februari Madagaska, Morisi na Msumbiji wanahangaika, sisi kaskazi inatuvumia vizuri na tunaona mambo hayo ni ya watu. Zamu yetu huja mwishoni. Hebu zitazame tarehe. Tufani iliyoangusha mikarafuu ya Unguja enzi za Sayyid Barghash ilikuwa 15 Aprili 1872. Ile iliyoipiga Lindi ilikuwa 15 Aprili 1952, na bibi yangu alihesabu umri wa wanawe kwa hiyo: huyu kabla ya tufani, huyu baada. Kenneth, Aprili 2019. Jobo, Aprili 2021. Hidaya, Mei 2024. Wiki mbili baada ya Hidaya akapita Ialy kwa nje, akipanda kuelekea upande wa Kenya na Somalia.

Yaani ni tanga mbili hasa, kaskazi imekufa na kusi haijashika, wakati ambao mabaharia wengi wanakwambia msimu umekwisha na wanafungasha kwenda dago, kambi za uvuvi za mbali na nyumbani. Mimi wakati huo ndipo ninaponunua penseli mpya.

Ramani yangu ina mistari miwili mikubwa. Wa kwanza ni latitudo 12 kusini, kwa sababu ncha ya kaskazini ya Madagaska, Bukini kama baba alivyoiita, iko hapo. Kisiwa kile ni ukuta wetu. Kimbunga kinachotoka mashariki kikipita chini ya mstari huo, ama kinaumia kwenye milima ya Bukini, ama kinapinda kwenda kusini, ama kinaingia mlango wa Msumbiji. Kikipita juu ya mstari, katikati yake na sisi kuna maji matupu, Ngazija na visiwa vidogo vidogo. Mstari wa pili ni longitudo 50 mashariki. Kitu chochote kikikatiza longitudo 50 kikiwa juu ya latitudo 12, nahamisha redio kutoka jikoni naileta kibandani.

Wenzetu wa Tanga na Mombasa wana kinga nyingine, ikweta. Kimbunga kinazungushwa na mzunguko wa dunia, na nguvu hiyo karibu na ikweta ni kidogo mno, ndiyo maana ndani ya digrii 5 ni nadra kuona kimezaliwa. Mombasa iko digrii 4, Dar karibu 7, Kilwa karibu 9, Mtwara imepita 10. Kadiri unavyoshuka kusini ndivyo uchague kibanda chenye mabati yaliyopigiliwa vizuri.

Nani wa kumsikiliza

Wa kwanza ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Wao ndio wenye amri juu ya bahari yetu, na rangi zao zikariri: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Watu wa pwani tuna ugonjwa wa kusikia "angalizo" na kulichukulia kama salamu. Taarifa zao zinataja mikoa, kwa hiyo soma mpaka uone Lindi imetajwa au haikutajwa.

Wa pili ni kituo cha kisiwa cha Réunion, kinachoendeshwa na idara ya hali ya hewa ya Ufaransa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekikabidhi bahari yetu yote, kuanzia pwani ya Afrika hadi longitudo 90. Hicho ndicho kinachopima kimbunga na kutoa njia yake, kila baada ya saa 6. Maandishi yao ni Kifaransa na Kiingereza, lakini tarakimu hazina lugha: latitudo, longitudo, kasi ya upepo, mgandamizo wa hewa. Hizo nne tu ndizo ninazonakili.

Majina hutolewa na Morisi kimbunga kikiwa mashariki ya longitudo 55, na Madagaska kikiwa magharibi yake. Hufuata alfabeti kila msimu kuanzia A. Msimu ule wa 2023/24 ulianza na Alvaro, ukaja Belal, Candice, mpaka Gamane, kisha Hidaya na Ialy. Faida yake kwako ni hii: mtu akikurushia ujumbe wa sauti kwamba "Kenneth anakuja", jua ni wa mwaka 2019 umefufuka. Mimi ujumbe usio na tarehe, saa wala digrii siusambazi, hata akiniletea imamu.

Saa sasa, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Taarifa hizi zimeandikwa kwa saa za Greenwich, na hutengenezwa kwa hali ya saa 00, 06, 12 na 18. Ukitaka saa ya mzungu ya hapa kwetu unaongeza 3. Ukitaka saa yetu ya Kiswahili, ondoa 3. 12 ukiondoa 3 ni saa 9 alasiri. 06 ni saa 3 asubuhi, 18 inakuwa 15, yaani saa 3 usiku, na ile ya 00 ni saa 9 usiku wa manane. Nimeibandika hesabu hiyo kwenye mlango wa friza, na vijana wanaitumia hata kwa mpira wa Ulaya.

Usichanganye pia vipimo vya upepo. Réunion wanapima wastani wa dakika 10, Wamarekani wanaofuatilia bahari hii wanapima wastani wa dakika 1, na wa dakika 1 kwa kawaida huwa mkubwa zaidi. Kimbunga kile kile, saa ile ile, utaona namba mbili, na mtu wa mtandaoni atakwambia kimeongezeka nguvu. Chagua kipimo kimoja ushikamane nacho. Kwa Réunion, upepo ukifika kilomita 63 kwa saa ni dhoruba na inapewa jina, ukifika 89 ni dhoruba kali, 118 ndiyo kimbunga kamili, na 166 ni kimbunga kikali. Kwa boti ya faiba yenye mashine ya nguvu 15, mimi sioni tofauti baina ya ngazi hizo. Ile ya kwanza inatosha kukuzika.

Penseli inavyofanya kazi

Kila taarifa inapotoka naweka nukta moja kwenye ramani na saa pembeni yake. Nukta mbili zinakupa mwelekeo, nukta nne zinakupa tabia. Digrii moja ya latitudo ni maili 60 za bahari, kilomita 111. Digrii ya longitudo huku kwetu ni pungufu kidogo, chukua 110.

Tuseme kitovu cha kimbunga kiko longitudo 44, usawa wetu, kinakuja magharibi. Kilwa Masoko iko 39 na nusu. Tofauti ni digrii 4 na nusu, mara 110, kilomita 495. Nukta mbili za mwisho zinaonyesha kimetembea kilomita 120 kwa saa 6, yaani 20 kila saa. Kitovu kitafika baada ya saa 25 hivi. Lakini upepo haungoji kitovu. Taarifa ikisema upepo mkali umetanda kilomita 150 kutoka katikati, ondoa hizo 150 kwanza: 345 gawa kwa 20, saa 17. Hiyo 17 ndiyo saa ya nahodha. Aliyeko kisiwa cha Songosongo anahitaji kuwa amesharudi, amepandisha boti, amefunga.

Sasa jambo ambalo lingeniokoa mwaka 2021. Pembeni ya kila nukta naandika pia mahali ambapo utabiri unasema kimbunga kitakuwa kesho saa kama hiyo. Kesho ikifika nalinganisha. Utabiri ukisogea kidogo huku na kidogo kule, naamini. Ukisogea upande ule ule mara tatu mfululizo, tuseme kila taarifa inakisukuma kaskazini zaidi, basi najua na ya nne itasukuma huko huko, na namtumia ujumbe shangazi yangu wa Mafia. Kwa Jobo ningefanya hivyo ningeona upepo unapungua taarifa hadi taarifa, na ningegandisha barafu siku ya pili.

Ule mchoro mpana wa utabiri unaofanana na pembe ya ng'ombe wengi hawauelewi. Unaonyesha mahali kitovu kinapoweza kupita, basi. Mvua na mawimbi hayana habari na mchoro. Ukiwa nje yake kwa kilomita 50 bado umo.

Kuna modeli za kompyuta ambazo sasa kila kijana anazo kwenye simu, zinachora upepo kama nywele zinazochanwa. Mimi natazama mbili, ya Ulaya na ya Marekani, na sitazami mbele zaidi ya siku 5. Picha ya siku ya kumi ni ndoto ya mashine. Leo kimbunga kiko Dar, kesho kiko Morisi, keshokutwa hakipo kabisa. Zikikubaliana mbili hizo kwa siku 3 zijazo, natulia. Zikigombana, ninachukua ile iliyo mbaya kwetu. Na hata zikikubaliana, kimbunga kinaweza kukugeuka usiku mmoja. Gamane, Machi 2024, alitarajiwa kupita pembeni tu ya kaskazini-mashariki ya Madagaska, akageuka akaingia nchi kavu.

Mkono wa kushoto

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijamsikia mtu akilieleza pwani kwetu na ndilo muhimu kuliko yote.

Kusini mwa ikweta kimbunga kinazunguka kama mshale wa saa. Chora duara, weka mishale. Kikiwa kinakuja magharibi kutoka baharini, upande wake wa kusini upepo unatoka mashariki unaingia pwani, unabeba bahari nzima mgongoni. Upande wake wa kaskazini upepo unatoka bara unakwenda baharini. Kwa hiyo simama wewe kama kimbunga, uso wako magharibi: mkono wako wa kushoto ndio mbaya.

Kenneth aliingia Msumbiji, kaskazini ya mji wa Pemba wa Cabo Delgado, 25 Aprili 2019. Mtwara walikuwa wamehamishwa kwenye maeneo salama, kisha wakarudi nyumbani wakinung'unika. Walikuwa mkono wa kulia. Kingeingia kilomita 200 juu zaidi, Mtwara ingekuwa jina lingine midomoni mwetu leo. Hidaya alikuja usawa wa Mafia, Jumamosi ya 4 Mei 2024, akapungua nguvu alipokaribia. Mafia iko kaskazini yetu. Sisi wa Kilwa tulikuwa kushoto, tukanyeshewa na kupigwa, na barabara ya kusini ikakatika Somanga. Wiki ile nilikuwa na barafu nyingi kuliko samaki.

Ukiwa baharini bila mtandao, mwili wako ni kipimo. Upe upepo mgongo: kitovu kiko mkono wako wa kulia, mbele kidogo. Ngoja saa 2, rudia. Upepo ukitoka kusini-mashariki ukahamia matlai, yaani mashariki, kisha ukaenda upande wa kaskazini-mashariki, kitovu kinapita kaskazini yako na uko upande mbaya. Ukitoka kusini ukahamia magharibi, kinapita kusini yako. Ukibaki pale pale huku unazidi, kinakuja kwako.

Mgandamizo una hila yake. Simu nyingine zina kipimo ndani, na baba alikuwa na cha shaba ukutani. Kwa kawaida huku kwetu hucheza karibu na milibari 1010, na kila siku hupanda mara mbili na kushuka mara mbili, kimbunga kiwepo kisiwepo: juu karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini karibu saa 10 jioni na saa 10 alfajiri. Kijana mmoja alinijia jioni anatetemeka, "Bi Jobo, imeshuka!" Ilikuwa saa 10. Linganisha leo na jana saa ile ile. Ikipungua milibari 3 anza kuwa macho. Ikipungua 5, usiulize mtu.

Angalia na mwezi. Bamvua, maji makubwa ya mwezi kuandama na ya mwezi mpevu, na maji mafu, yale madogo ya katikati, yanapishana sana kwetu. Bamvua kubwa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kimbunga kikija juu ya bamvua wakati maji yamejaa, ghala la dagaa linageuka jahazi. Hidaya alikuja mwezi 25 Mfunguo Mosi, yaani Shawali, siku chache baada ya maji mafu. Siku nne tu mbele mwezi ulikuwa unaandama. Nikikumbuka hilo bado nashika kifua.

Ubao

Nina ubao mweusi nje ya kibanda. Siandiki "kimbunga kinakuja". Naandika mistari mitatu: kitovu kiko wapi na taarifa ni ya saa ngapi, kinatarajiwa wapi kesho saa hizo, na saa ya mwisho ya kurudi pwani. Taarifa ikibadilika nafuta mbele ya watu, naandika upya, na nikikosea nasema nimekosea. Nimegundua watu husamehe ubao unaofutwafutwa. Waliyemcheka ni yule mwanamke aliyetangaza mara moja akanyamaza.

Alhamisi ya 2 Mei 2024 niliandika Hidaya na saa ya mwisho ya kurudi, Ijumaa adhuhuri. Shemeji yangu mmoja, nahodha wa miaka mingi, alisoma akacheka, akaniambia nimuuzie barafu vipande kumi, yeye anakwenda Songosongo. Nilimuuzia. Nikampa na hesabu ya saa 17 kwenye kipande cha karatasi, akakitia mfukoni kwa heshima tu. Aliniambia baadaye kwamba Ijumaa asubuhi alipouona upepo umetoka kusini-mashariki unahamia matlai alikitoa kile kikaratasi, akakisoma mara mbili, akaivuta boti mpaka kwenye minazi ya Songosongo na kulala huko siku tatu. Samaki waliharibika, barafu iliyeyuka yote.

Nilipotaka kumpa pole alinidai barafu ya bure. Sikumpa. Ialy alipotokea wiki mbili baadaye, daftari lilikuwa bado liko wazi juu ya friza, na shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kuuliza: "Bi Jobo, leo kiko digrii ngapi?"